Gunia la Viatu vya Sajini Bulugu

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kupiga pasi suruali ya mteja. Niliipiga vizuri mno, mikunjo miwili imenyooka kama reli, na kwa ajili ya suruali ile mzee mmoja alikaribia kubaki juu ya mawe yake maisha yake yote. Nitaeleza. Kwanza nijitambulishe, maana najua mnanicheka.

Ndiyo, nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minane. Wazee wa jeshi niliowahudumia walinifanyia hata sherehe ya kuniaga. Walinipa cheo cha Koplo Karani na kunipigia gwaride fupi mbele ya duka pale Buswelu, mpaka waendesha bodaboda wakasimama kutazama. Nimestaafu kwa sababu ya tumbo. Kila bodi ya madaktari wa jeshi, inayopima madai ya wazee, ilipokaribia kukaa, wateja walikula wakalala, mimi ndiye nilikuwa sili. Sista Koku, muuguzi mstaafu ambaye mtamsikia sana humu, alinitazama siku moja nikinywa maziwa badala ya chakula cha mchana akasema, "Andika dai lako na wewe. Jeraha la kwanza: kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Ugonjwa wa pili: vidonda vya tumbo. Uhusiano kati yake unaonekana kwa macho." Tukacheka. Wiki iliyofuata nikaenda kupima, akawa kasema kweli. Sasa nafuga kuku Kisesa. Kuku hawajazi fomu.

Ninyi wawili mliorithi meza yangu mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Ninayoyajua ni machache, na karibu yote niliyajua baada ya kuharibu. Nimeanza kuandika karatasi hii mara nne. Mara ya tatu niliichana kwa sababu herufi ya kwanza ilikaa vibaya. Hii ya nne naiacha ilivyo.

Duka lilikuwa la steshenari tu: kutoa kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Sikusomea sheria wala uganga. Siku moja aliingia mzee mwenye fomu ya kijeshi akaniomba nimjazie kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Niliisoma fomu ile mpaka nikaijua kwa moyo, nikatafuta maana ya kila neno kwenye simu, halafu nikaanza kujaza. Nikikosea nukta, nachapa upya. Ilipofika mara ya saba mzee akasimama, akachungulia juu ya kaunta.

"Kijana, unaandika fomu au unachora noti?"

"Nataka iwe safi, mzee."

"Iwe safi nikiwa hai."

Fomu yake ilipita, na habari zikasambaa. Baada ya mwezi nilikuwa na foleni ya wazee kwenye benchi, wote wakinieleza jambo lilelile kwa namna tofauti: kwamba jeshi lilikwisha kulikubali jeraha lao la zamani, wana barua yake, lakini jeraha lile limezaa ugonjwa mwingine, na huo wa pili hakuna anayeutambua. Aliyeumizwa masikio na milio ya mizinga sasa ana kizunguzungu na anaanguka njiani. Aliyevunjika mgongo amemeza dawa za maumivu miaka na miaka, sasa tumbo lina vidonda. Huo wa pili ndio uliokuwa kazi yetu. Ukikubaliwa, mzee anatibiwa kwa haki yake ileile ya jeshi na kiwango chake cha ulemavu kinapangwa upya. Ukikataliwa, anaambiwa ni uzee.

Neno hilo mtalisikia sana: ni uzee. Msilichukie. Mara nyingine ni uzee kweli. Kazi yenu ni kuonyesha pale ambapo sivyo.

Sasa Sajini Bulugu.

Huyu alikuwa Msukuma mrefu, mkimya, mwenye sauti nzito kama ya ngoma kubwa. Alipokuwa kazini, lori la mafunzo lilipinduka likamponda goti la kushoto. Goti lilipona limepinda, na mguu ukawa mfupi kidogo. Jeraha hilo jeshi lililitambua siku nyingi. Lakini kwa miaka yote aliyochechemea, uzito wake ulikuwa ukiegemea upande wa kulia, na nyonga ya kulia ikasagika. Daktari wa hospitali ya rufaa alimwonyesha eksirei akamwambia nyonga hii haitibiki kwa vidonge, inabadilishwa.

Na nyumba yake iko Ilemela, juu ya mawe. Mnazijua nyumba zile. Bodaboda inakufikisha chini, kisha unapanda kwa miguu kati ya majabali, hatua nyingine zimechongwa, nyingine ni kipaji chako mwenyewe. Sajini alikuwa hajashuka kwa miguu yake tangu msimu wa mvua uliopita. Kanisa lao liko chini ya kilima, na yeye alikuwa besi wa kwaya. Jumatano na Jumamosi jioni kwaya ikifanya mazoezi, yeye alikaa barazani juu ya mawe akaimba sehemu yake peke yake. Sauti ilishuka bondeni ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo wanakwaya walimsikia akimalizia ubeti wakati wao wameshaanza mwingine. Watoto wa mtaani walidhani ni mwangwi.

Alichotaka Sajini kilikuwa hicho tu: nyonga, ashuke, asimame kwenye mstari wake. Vijana wa kwaya walipomleta dukani, alinieleza mara moja, kwa sentensi fupi, kama mtu anayetoa ripoti.

Nilimwandikia maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Kurasa tano. Niliandika juu ya ushupavu na uzalendo, na sehemu ya lori ilikuwa na maneno ambayo mimi mwenyewe nilipoisoma nililengwalengwa na machozi. Halafu nikamwandaa kwa ajili ya bodi. Nilimchapia majibu akayakariri. Fimbo yake ilikuwa tawi la mpera lenye magamba, nikaona inatia aibu, nikamwambia aiache. Vijana wa kwaya walimteremsha kutoka kwenye mawe wamembeba juu ya kiti cha plastiki. Nikasema kiti kibaki nje ya geti. Na suruali, kama nilivyosema, niliipiga pasi mwenyewe, na buti nikazing'arisha mpaka ukawa unajiona.

Sikuwa ndani, lakini Sajini alinisimulia neno kwa neno, kwa fahari, akidhani mambo yamekwenda vizuri.

"Wakaniuliza, Sajini, unaendeleaje? Nikajibu, salama, afande! Wakauliza, na nyonga? Nikasema, inavumilika, afande!"

"Ulikaa kwenye kiti?"

"Walinikaribisha. Nikasema nitasimama, afande."

"Ulisimama muda wote?"

"Mguu pande, kisha mguu sawa."

Wenzangu, hapo ndipo tumbo langu lilipoanza kuuma. Hiki ndicho kitu ambacho hakuna fomu inayokwambia: mwanajeshi amefundishwa tangu kuruta kwamba anayelalamika anatega. Kutega kwao ni kukwepa kazi kwa kisingizio, na hakuna tusi kubwa zaidi ya kuitwa mtegaji. Mtu aliyeishi hivyo ujana wake wote, ukimsimamisha mbele ya daktari mwenye nyota mabegani, hata kama ameshikilia utumbo mkononi atasema inavumilika, afande.

Jibu lilikuja: mwombaji anasimama wima, anatembea bila msaada, na uhusiano kati ya goti na nyonga haukuthibitishwa. Anaweza kukata rufaa mara moja tu.

Mara moja tu. Nililisoma neno hilo mpaka likaanza kuonekana geni.

Niliandika barua ya kumwomba radhi, nikaichana, nikapanda mawe mwenyewe. Mkewe, Mama Limi, alikuwa anachambua dagaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikawasomea jibu wote wawili.

Mama Limi akafuta mikono kwenye khanga. "Kwani wewe ulimpeleka kwa madaktari au ulimpeleka kuposa?"

"Mama..."

"Suruali ya pasi, buti zinawaka, fimbo umemnyang'anya. Mimi nilipomwona anatoka nikasema, leo naletewa mke mwenza."

Sajini alikuwa ameinamisha uso. Nikadhani analia. Mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika nyonga. "Mama Limi, unaua." Kisha akatulia, akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, usijiponde. Nilisimama mwenyewe. Wewe hukunishika."

Ilikuwa Jumatano. Chini kwaya ikaanza. Akaimba besi yake, amechelewa vilevile, na mimi nikashuka mawe nikiwa nimeshika ukuta kana kwamba nyonga mbovu ni yangu.

Sista Koku nililetewa na mashine ya kopi. Alikuja kudurufu hati za kiwanja, akakuta maelezo yangu ya kurasa tano yamebaki kwenye kioo cha mashine. Alikuwa Mhaya, amefanya uuguzi miaka mingi kwenye wodi za mifupa, na hakuwahi kuona karatasi akaacha kuisoma.

"Nani kaandika mahubiri haya?"

"Mimi, Sista. Ni dai la mgonjwa."

"Waitu! Mgonjwa yuko ukurasa gani?"

Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Mtu anayetembea na kalamu nyekundu baada ya kustaafu, muogopeni na mpendeni. Alipiga mstari juu ya ushupavu, juu ya uzalendo, juu ya lori lote. Zikabaki sentensi tatu.

"Sikiliza, mwanangu. Bodi inatafuta vitu vitatu tu. Jeraha la kwanza: barua unayo. Ugonjwa wa sasa: daktari wa hospitali ya rufaa kaandika jina lake. Cha tatu ni daraja. Huyu mtu alifikaje kutoka goti la kushoto mpaka nyonga ya kulia? Wewe umeandika ng'ambo mbili, katikati umeweka maua."

"Daraja ni kuchechemea, Sista."

"Nani alimwona?"

"Kila mtu."

"Kila mtu haandikiki. Nani, lini, akafanya nini? Alikwenda zahanati?"

Hapa inanibidi niungame jambo ambalo sikumwambia mtu mwingine kwa muda mrefu. Daftari la zahanati lilikuwepo. Sajini alikwenda mara mbili tu katika miaka yote ile, kwa kuwa hataki kutega, na mara zote mbili mganga aliandika: maumivu ya nyonga ya kulia, anachechemea, goti la kushoto lina jeraha la zamani. Ilikuwa imeandikwa, miaka kabla ya dai. Mimi nililiona. Sikuliambatisha, kwa sababu ukurasa ulikuwa umemwagikiwa mchuzi wa sato na doa limekaa katikati kama ramani ya ziwa. Niliona litachafua faili.

Nilimwambia Sista Koku yote hayo. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeliacha daraja nyumbani kwa sababu lina mchuzi." Kisha akalipa kopi zake akaondoka. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni na viatu vya kupandia mawe.

Tulipanda pamoja. Sista alikuwa na miaka karibu sabini na alinishinda pumzi. Alimwamkia Sajini, akamwomba atembee kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji. Sajini akakaza mgongo, akatembea kama yuko uwanjani.

"Hapana," Sista akasema. "Tembea kama unakwenda chooni."

Mama Limi alicheka mpaka akakaa chini. Sajini akakubali, akatembea, na kwa mara ya kwanza nikaona. Mwili wote ulikuwa unaangukia kulia kila hatua. Nilikuwa nimemjua miezi mitano.

"Nani anatengeneza viatu vyako?" Sista akauliza.

"Fundi Deo, pale chini."

"Kwa nini unauliza viatu?" nikasema mimi.

"Kwa sababu kiatu hakina afande."

Fundi Deo, mshona viatu aliyekaa chini ya mwavuli mwanzo wa kilima, aliinua macho tu. "Sajini? Kushoto namwongezea soli ya tairi, kulia nambadilishia kisigino. Kinaliwa upande wa nje, kila siku upande wa nje. Nimemtania, nikamwambia mguu wako wa kulia unataka kuhama nyumba." Tukamwomba aseme hayo kwa maandishi. Akasema hajui kuandika vizuri. Mimi nikafungua mdomo kusema nitamwandikia vizuri. Sista akanikanyaga.

Kwa hiyo karatasi ya Fundi Deo ilikwenda kwenye bodi kama alivyoiandika, herufi zinapanda na kushuka, na alama ya gundi pembeni.

Lakini viatu vyenyewe alikuwa navyo Mama Limi. Tuliporudi juu na kumweleza, aliingia ndani akaburuta gunia kutoka chini ya kitanda. "Huyu mtu hatupi kitu alichovaa. Kila mwaka nasema nitavichoma." Akamwaga. Makatambuga ya tairi, buti, viatu vya kanisani, raba zilizofungwa waya. Jozi tisa. Sajini aliona aibu, akaanza kueleza kwamba kiatu kizuri kinaweza kufaa tena. Hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tunaangalia visigino. Jozi zote tisa, kiatu cha kulia kililiwa upande wa nje, na kadiri kiatu kilivyokuwa cha karibuni ndivyo kilivyoliwa zaidi.

Nilitoa kitambaa mfukoni nikaanza kufuta matope. Sista akanipiga kofi la mkononi.

"Usiguse!"

"Naondoa tope tu."

"Tope la miaka kumi ndilo linaloonyesha ni miaka kumi."

Basi niliruhusiwa kitu kimoja, na hicho nilikifanya kwa raha: kuvifungia vikaratasi. Hapo nikafundishwa lingine, nalo liwekeni kichwani. Nilitaka kuandika mwaka kwenye kila jozi. Mama Limi hakuijua miaka, nikawa nakisia. Sista akasema tarehe ya kukisia ikigundulika moja tu, gunia zima linakuwa uongo. "Andika anachokijua." Ndivyo vikaratasi vilivyosomeka: kabla Limi hajaolewa, mwaka tulioezeka bati, alivyovaa msibani kwa mama yake. Mtu hasahau alivaa nini msibani kwa mama yake. Tangu hapo sijamuuliza mzee yeyote mwaka gani. Namuuliza mtoto gani alikuwa tumboni.

Sitawadanganya kwamba nililala usingizi siku zile. Rufaa moja. Nilihesabu viambatisho mpaka Sista akanifichia faili nyumbani kwake.

Tatizo lililobaki lilikuwa saluti. Sajini alikubali yote: fimbo ya mpera, kiti cha plastiki mpaka mlangoni, shati la kitenge lisilopigwa pasi, katambuga. Lakini alisema wazi, "Nikimwona mwenye nyota, mkono unapanda wenyewe. Mkono ukipanda, mgongo unanyooka. Mgongo ukinyooka, nitasema inavumilika."

Mama Limi ndiye aliyepata dawa. "Mkono wa kushoto fimbo. Mkono wa kulia gunia. Utampigia saluti kwa nini, kwa kidevu?"

Siku ya bodi aliingia hivyo. Safari hii waliruhusu mkewe aingie kama shahidi, na mlango ulibaki wazi kwa ajili ya joto. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido na Sista, nimeshika magoti yangu. Niliona kila kitu.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mmoja mwenye cheo cha meja, miwani imekaa puani. Sajini alifika mbele yake, gunia likamning'inia, mkono ukajaribu kupanda na gunia lake. Likagonga meza. Kiatu kimoja kikadondoka.

"Hiki nini, Sajini?"

"Viatu, afande."

"Vya nani?"

"Vyangu, afande."

Meja akaviona vikaratasi. Akaanza kutoa viatu kimoja kimoja, akavipanga sakafuni kwa mstari, visigino kwake. Daktari wa pili akainuka kwenye kiti chake akaja kuchuchumaa. Meja akasoma kikaratasi: "Alivyovaa msibani kwa mama yake." Akafungua faili, akafika kwenye ukurasa wa mchuzi, akausogeza karibu na dirisha akausoma wote.

"Sajini, nyonga inaumaje?"

Nikamwona anavuta pumzi. Nikajua. Sista alinishika mkono.

"Inavu... inavumilika, afande."

"Mwongo huyo!" Mama Limi akasema. "Suruali namvalisha mimi. Soksi mimi. Tangu Limi hajaolewa."

"Mama Limi!"

"Nyamaza. Hapa si uwanjani."

Meja hakucheka, ingawa daktari wa pili aligeukia ukutani. Akavua miwani. "Sajini Bulugu."

"Afande!"

"Nikikupa amri, unatii?"

"Natii, afande."

"Kaa kwenye kiti."

Akakaa.

"Sasa nakuamuru unieleze panapouma, kuanzia asubuhi unapoamka mpaka unapolala. Usiruke kitu. Hiyo ni amri."

Na Sajini akatii. Alieleza namna anavyosubiri kitandani mpaka mguu ukubali. Alieleza hatua ya kumi na nne ya mawe, ile isiyo na pa kushika, ambapo aliwahi kukaa tangu mchana mpaka jua likaegemea akisingizia kwamba anatazama ziwa. Alieleza kwaya. Alisema, "Wanadhani sijui kwamba nachelewa. Najua, afande. Nasikia nikichelewa." Alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa sauti ileile ya ripoti, na katika kurasa zangu tano hapakuwa na hata neno moja la hayo. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nashughulika na ushupavu.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa ambazo sitaki kuzikumbuka. Nyonga ya kulia ilitambuliwa kuwa imetokana na jeraha la goti la kushoto. Alifanyiwa upasuaji kwa haki yake ya jeshi, akakaa kwa binti yake kule chini mpaka alipopona. Gunia lilirudishwa. Mama Limi alitaka kulichoma, Sajini akakataa, likarudi chini ya kitanda.

Wateja waliofuata niliwaharibia kwa namna nyingine, msidhani nilipona. Koplo mmoja aliyekuwa dereva aliniambia vidonda vyake vya tumbo ni vya pilipili, kwa kuwa ndivyo mkewe alivyosema, na mimi nikaandika pilipili kwa mwandiko safi kabisa kabla sijamuuliza amemeza dawa gani kwa ajili ya mgongo. Alitoa mfuko wa rambo uliojaa maganda ya vidonge. Mwingine nilimsahihishia shahidi wake Kiswahili mpaka shahidi akakana kwamba yale ni maneno yake. Lakini kila mara nilikuwa na mtu wa kunikanyaga mguu, na ninyi pia mtafuteni wenu.

Mliyoyakuta mezani, basi, ndiyo yaliyobadilika tangu suruali ile. Dukani hakuna pasi, nimekuja nayo Kisesa. Daftari la zahanati linaambatishwa na doa lake. Mzee anatembea kwanza, ndipo tunaandika, na mkewe anaulizwa peke yake. Kwenye fomu yetu ya maandalizi kuna mstari mmoja niliouongeza kwa mkono, umekaa upande kidogo na nimeuacha hivyo: ulikuwa unafanya nini ambacho sasa huwezi.

Na Sajini Bulugu anashuka mawe mwenyewe, Jumatano na Jumamosi, akiwa na fimbo yake ya mpera. Anasimama mstari wa nyuma, wa pili kutoka dirishani. Hachelewi tena.